Amri Mbili za Mama Mmoja

Tulimzika Mama Holo siku ya Jumamosi, jua likiwa utosini, kadiri ya mtupo wa jiwe kutoka kwenye uzio wa mgodi. Nasema mtupo wa jiwe nikijua ninachosema, maana mahali pale siku hizi hata jiwe la kumfukuzia mbwa lina mwenyewe. Padri alipofika kwenye maneno ya mavumbi, magari makubwa yalikuwa yanapita nyuma ya waya yamebeba mavumbi yenyewe, na sauti yake ikamezwa. Akanyamaza. Tukangoja gari lipite ndipo tukaendelea kumzika mtu wetu. Baada ya mazishi mwanasheria mmoja kijana, aliyekuja na gari safi kutoka Mwanza, alinishika mkono. "Shikamoo, Profesa. Vitabu vyako nimevisoma vyote. Hivi marehemu alikuwa nani kwako?" Nikamwambia, "Marahaba. Huyu ndiye aliyenisomesha." Akainamisha kichwa kwa adabu. Najua alidhani nasema kwamba marehemu aliuza ng'ombe akanilipia karo.

Nimeulizwa maisha yangu yote, na waandishi wa magazeti, na wakuu wa vyuo, na wanafunzi wanaotafuta njia ya mkato, imekuwaje mtu mmoja awe profesa wa sheria na wa falsafa kwa pamoja, kana kwamba nimeoa wake wawili wasiosalimiana. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la kiungwana, lenye majina ya Wagiriki ndani yake. Leo sina hamu ya uungwana. Jibu langu ni mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana niliyetoka shule Tabora, mkalimani wa hakimu Mzungu aliyekuja kusikiliza kesi katika baraza la mabati upande wa Nyarugusu. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikifanya kazi vizuri hakimu atanisemea neno, nami nitapelekwa ng'ambo kusomea sheria. Neno lake moja tu ndilo lililobaki. Nilikuwa nalisubiri kama mtu anavyosubiri mvua ya kwanza, kila asubuhi nikitazama uso wa yule bwana kuona kama kuna wingu.

Serikali haikuwa na nyumba ya kumpa mkalimani, basi nikapanga kwa mjane mmoja jirani na baraza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mbuke, lakini kila mtu alimwita Mama Holo, kwa jina la binti yake. Chumba changu kilikuwa ghala la karanga. Hata baada ya mavuno kuuzwa, harufu ya karanga mbichi ilibaki ukutani, na kuku mmoja mwekundu alikataa kukubali kwamba chumba kimepata mtu; alitaga chini ya kitanda changu, na nilipojaribu kumhamisha alinidonoa kwa haki zote za mwenyeji. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa pamoja na karanga, jioni ugali wa mtama na udaga wa muhogo, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichonuka moshi. Mama Holo alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti iliyofika kisimani kabla yake. Alipenda ugomvi kama wengine wanavyopenda tumbaku. Hakuna aliyemwonea huruma kwa ujane wake, kwa sababu hakuwapa nafasi.

"Karani," aliniuliza kila nilipotoka kazini, "leo mmefunga nani?"

"Sisi hatufungi, Mama. Anayefunga ni hakimu."

"Na wewe je?"

"Mimi natafsiri tu."

"Ahaa. Kisu hakichinji, mkono ndio unaochinja." Akanisukumia bakuli la mlenda. "Haya, kisu, kula."

Holo, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kuolewa karibuni na ulimi wake ulikuwa wa mama yake, alicheka mpaka tonge likamwangukia mapajani. Nami nilicheka. Lakini usiku huo sikuelewa nilichokuwa nakicheka, na leo, nikiwa nimekaa na majaji wa nchi tatu mezani, nikiwasikia wakisema kwa majivuno kwamba wao wanaitumikia sheria tu, naisikia sauti ya yule mama ikinikumbusha kile kisu.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa matuta. Serikali ilikuwa imeamua kwamba Wasukuma hawajui kulima, ingawa walikuwa wamejilisha, na kuilisha Serikali yenyewe pamba, bila kuomba ushauri. Ikatoka amri: kila mwenye shamba alipandishe matuta, yawe ya kimo fulani, yakate mteremko kwa namna fulani, na asiyetii atafungwa. Akaja bwana shamba, kijana wa Kisumbwa kutoka Masumbwe, ana fimbo ya kupimia na kaptura iliyopigwa pasi ikasimama kama mbao. Alisimama ukingoni mwa shamba la Mama Holo akatazama udongo uliolala tambarare.

"Mama, matuta yako siyaoni."

"Hata mimi siyaoni, baba. Tupo wawili."

"Nikirudi nisiyakute, utalala ndani."

"Nina ndani yangu. Inanitosha."

"Ndani ya jela, Mama. Mimi nimetumwa tu."

"Naona. Nchi hii nzima imetumwa. Sijui aliyebaki nyumbani ni nani."

Alipoondoka, Mama Holo alikaa kimya, jambo ambalo lilitutisha mimi na Holo kuliko ile amri. Kisha akafanya kile ambacho mtu wa huko hufanya kazi ikimzidi: akawaita vijana wa kulima. Alipika pombe ya mtama, akakaanga mbegu za maboga, akachinja mbuzi, na siku ya kazi walikuja na ngoma yao, wakajipanga mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka kwa wimbo. Ilikuwa siku isiyo ya baraza, nami nikalima. Sijawahi, katika ukumbi wowote wa chuo, kuwa sehemu ya kitu kilichokwenda pamoja namna ile. Hata wimbo wenyewe ulikuwa wa kumtukana bwana shamba, mguu kwa mguu, kuanzia unyayo mpaka kwenye pindo la kaptura yake.

Jembe la Holo ndilo lililolia. Lilitoa mlio mkali, likapasuka pembe. Akainama, akafukua kwa mikono, akatoa jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, jeupe kama maziwa ya mgando, na ndani ya weupe ule kulikuwa na mishipa ya manjano, imejikunja, inawaka. Ngoma ikanyamaza. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa Wazungu uliokuwa jirani alilipokea, akaligeuza juani, akapiga mluzi. "Mama, hiki ndicho Wazungu wanachokitafuta kwa baruti."

"Waendelee kutafuta," alisema Mama Holo, akalichukua.

Inabidi nieleze, kwa sababu mahakama haikutaka kuelezwa. Uani kwa Mama Holo palikuwa na kijumba kidogo cha majani, hakimfiki mtu kiunoni, nyumba ya masamva, yaani wahenga wake. Tangu kiangazi kilichopita alikuwa anaumwa mgongo, na mganga alikuwa amemwambia kwamba babu yake mzaa mama anadai kitu cheupe. Mama Holo alikuwa katika mipango ya kutafuta kondoo mweupe, na alikuwa amenung'unika mwezi mzima kwamba babu yake alikuwa bahili akiwa hai na sasa anataka makubwa. Basi alipoliona jiwe lile alicheka kicheko kirefu. "Mnaona? Kajitafutia mwenyewe." Akaliosha kwa maziwa, akalipaka unga, akalilaza ndani ya kijumba. Kondoo akasahaulika. Na mgongo, naapa, ukanyooka.

Mimi nilizijua kesi za dhahabu. Nilikuwa nimeshazitafsiri. Mwafrika hakuruhusiwa kukutwa na dhahabu ghafi, iwe punje, iwe jiwe. Akikutwa nayo, yeye ndiye aliyepaswa kueleza, na maelezo yake hayakuwa na pa kukaa. Nilimwambia siku ile ile, tukiwa tumekaa jikoni, "Mama, lile jiwe lirudishe ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Pale pale shambani."

"Hujamsikia bwana shamba? Udongo ukishapandishwa tuta haushushwi. Nikilibomoa tuta kuzika jiwe, nafungwa. Nikikaa na jiwe, nafungwa. Karani, wewe mwenye kitabu, nichagulie."

Nilikuwa na kitabu kweli, kitabu cha makosa ya jinai alichokuwa amenipa hakimu baada ya kupata kipya. Nilikifungua mbele ya moto. Nilisoma mpaka maharage yakaungua, na Holo akaninyang'anya mwiko. Hakikuwa na sura ya jambo lile. Ndiyo siku ya kwanza nilipohisi, tumboni kabla ya kichwani, kwamba kitabu kinaweza kuwa kimejaa sheria na kikawa hakina haki hata ya kujaza kijiko.

Jiwe lingekaa kimya uani pale mpaka leo kama si msimu wa ngoma. Asiyetoka kwetu hawezi kujua. Baada ya mavuno, pande mbili za ngoma hukutana uwanja mmoja, siku moja, kila upande na mtunzi wake, dawa zake, na vituko vyake, na upande utakaowavuta watazamaji ukawaachia wenzao uwanja mtupu ndio ulioshinda. Kushindwa kule hakusameheki kwa mwaka mzima. Mama Holo ndiye aliyelisha wachezaji wa upande wetu, na mwaka ule tuliwamaliza wenzetu. Watu waliwakimbia kama nyumba inayoungua. Mtunzi wao aliachwa na mbuzi wawili na bibi kiziwi. Walipoanza kunong'ona kwamba upande wetu una dawa mpya, mwanamke mwenye busara angenyamaza. Mama Holo alipanda juu ya kinu.

"Dawa yangu ni nyeupe!" aliwapigia kelele, kata ya pombe mkononi. "Nimelala nayo uani! Jiwe la Mama Holo linakula ngoma zenu, na bado halijashiba!"

Uwanja mzima ulicheka, na upande wetu ukalitungia wimbo pale pale. Mtu yeyote wa huko angefanya vile. Ukishinda ngoma usijigambe, umeshinda kwa nini? Lakini mtu mmoja wa upande ulioshindwa hakucheka. Alikwenda mpaka lango la mgodi akasema kwamba kuna mjane ana jiwe lao.

Walikuja asubuhi, tunakula michembe. Askari wa mgodi wawili na tarishi wa hakimu, mzee ambaye nilikuwa nakaa naye benchi moja kila siku. "Mwangaluka," alisalimu, macho chini. Mama Holo aliitikia salamu, akamkaribisha chakula, naye akakataa, na hapo ndipo tulipojua. Hawakukipigia hodi kile kijumba. Walikipindua kwa buti. Majani yakamwagika, kibuyu kidogo cha babu kikapasuka, na jiwe likaingizwa kwenye gunia lililowahi kubeba sukari. Holo alipiga yowe. Mama yake hakupiga. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Mmeingia nyumba ya mtu bila kumwamsha."

Mama Holo aliachwa nyumbani mpaka siku ya kesi, na siku hiyo baraza lilijaa. Hakimu alikuwa mtu mwembamba, msafi, asiye na matusi. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu wanafunzi wangu hutaka waovu wawe na sura ya uovu. Yule bwana alikuwa anatibu paka wa jirani. Aliketi, akapangusa miwani, na jiwe likawekwa mezani mbele yake juu ya gazeti. Mimi nilisimama katikati, mahali pangu, na mshitakiwa alikuwa mama aliyenipikia uji asubuhi ile ile. Nilimwomba hakimu atafute mkalimani mwingine. Alijibu kwamba hakuna mwingine, na kwamba mkalimani mzuri hana jirani.

Nilitafsiri kila neno. Nilitafsiri mashitaka, nilitafsiri askari, nilitafsiri maelezo ya Mama Holo kwamba jiwe limetoka shambani mwake, chini ya jembe la binti yake, siku alipokuwa anatii amri ya Serikali. Hakimu alisikiliza vizuri kabisa. Akasema kwamba lilikotoka si hoja. Hoja ni kwamba lilikutwa kwake. Akamwuliza kama ana neno la mwisho.

Mama Holo aliweka mikono kiunoni. "Ninalo. Mwulize huyu bwana: ile amri ya matuta na hii amri ya dhahabu, zimezaliwa na mama mmoja? Kama ni ndugu, mbona hazijuani?"

Watu waliguna. Nikatafsiri. Hakimu alitabasamu, na sitasahau tabasamu lile, tabasamu la mtu aliyesikia mtoto akisema neno la kuchekesha. "Mwambie mahakama haijibu maswali. Inauliza." Akachukua kalamu.

Hapo nilitakiwa nigeuke nimwambie Mama Holo maneno yale. Nilifungua kinywa, kikakataa. Nikageukia upande wa pili, kwa hakimu, nikasema kwa Kiingereza changu cha Tabora, "Bwana, swali lake halijajibiwa. Asingelima, ungemfunga. Amelima, unamfunga. Nionyeshe mahali ambapo mama huyu angesimama, katika nchi hii, asifungwe. Kama pahali hapo hapapo, basi hakuvunja sheria. Sheria ndiyo iliyomvunja."

Juu yetu mabati yalilia yakitanuka kwa jua. Hakimu hakukasirika. Aliniambia polepole, kama anayenifundisha, "Wewe hapa ni mdomo. Mdomo hauna maoni. Tafsiri."

"Sitafsiri mpaka ujibu."

Na Mama Holo, ambaye hakujua Kiingereza lakini alizijua sura za watu, akanivuta shati kwa nyuma. "Ng'wanawane, mwanangu, unalipwa kwa maneno yangu. Ya kwako unayatoa bure?" Baraza likaangua kicheko, na kile kicheko ndicho kilichoniokoa nisilie mbele za watu. Wakamtafuta tarishi atafsiri hukumu kwa Kiswahili chake cha kusukumana. Mama Holo alifungwa jela, Shinyanga, pamoja na kazi. Mimi niliachishwa kazi kabla jua halijahama mlangoni, na lile neno la hakimu, neno langu la kwenda ng'ambo, likafa bila kuzaliwa.

Tulimfuata Shinyanga, mimi na Holo. Yeye alifikia kwa shangazi yake, mimi nikapata chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja, Mzee Jiwa, kwa kuwafundisha wanawe Kiingereza. Chumba kilinuka mafuta ya taa na bizari, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliwasikia wakigombana kwa Kigujarati na kupatana kwa Kiswahili. Mkewe, Mama Zarina, alikuwa akitupatia chapati zilizobaki tuzipeleke jela, na kila mara aliweka pilipili ya kusindika, akisema mfungwa asiyelia kwa pilipili atalia kwa mengine. Unajua walimpa kazi gani kule ndani? Waliwapeleka wanawake kwenye shamba la jela, kupandisha matuta. Nilimwona kwa macho yangu kupitia seng'enge, mgongo ule uliokuwa umenyooka umejikunja tena, anainua udongo wa Serikali kwa amri ya Serikali kwa sababu aliinua udongo wake kwa amri ya Serikali. Aliponiona alipiga kelele, "Karani! Huku nikipata jiwe, nimpe nani?" Askari jela alicheka. Mimi sikucheka. Sijacheka mpaka leo.

Jioni nilikuwa nakaa barazani kwa Mzee Jiwa nikibishana na hakimu asiyekuwepo. Mzee Jiwa alinisikiliza wiki nzima, akipima chumvi. Mwishoni akaniuliza, "Karani, wewe ulitaka kushinda kesi, au ulitaka kumshinda hakimu?"

"Nilitaka jibu, Mzee."

"Aa. Hiyo bidhaa mimi siuzi."

Aliyekuwa ananunua mishumaa pale, padri mzee mwenye viatu vilivyofungwa kamba ya katani, aligeuka. Akasema seminarini kuna watu walioacha kila kitu wakitafuta jibu, ingawa hawaahidi kwamba wamelipata. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kusoma falsafa. Mlango wa sheria ulikuwa umefungwa na neno la mtu mmoja. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwa dirisha. Upadri ulinishinda, falsafa ikanibeba, na miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari nina shahada ng'ambo, ndipo nilipofungua kile kitabu cha jinai upya na kuisomea sheria mpaka mwisho wake. Kila nilichoandika ni lile swali la baraza la mabati. Katika kumbi za huko baridini nilimtaja kwa jina, Mbuke, Mama Holo, mkulima wa upande wa Nyarugusu, na maprofesa wenzangu walisema ni kisa kizuri sana, kina ladha, kisha wakaniuliza nadharia yangu ni ipi. Nadharia! Kana kwamba swali lisiposemwa na mtu mwenye ndevu na kaburi la marumaru si swali.

Mama Holo alipofunguliwa kutoka jela, mvua zilikuwa zimeanza. Alikonda, lakini sauti ilitoka jela kabla yake. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda bomani kudai jiwe la babu yake. Akaambiwa ni mali ya Serikali. Alikwenda tena kila mwaka baada ya mavuno, amevaa nguo yake nzuri, kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Bendera ikabadilika, akaenda kwa Serikali yetu. Akaambiwa ni mali ya Serikali, safari hii kwa Kiswahili fasaha, na aliyemwambia alikuwa mwanafunzi wangu, kijana niliyempa alama za juu katika mtihani wa haki. Wakaja wenye mgodi mpya, shamba likaingia ndani ya waya, matuta na yote. Akaenda kwao, wakampa kofia yenye nembo. Aliivalisha sanamu ya kufukuza ndege.

Basi baada ya mazishi, wakati watu wanagawiwa chakula, Holo, sasa bibi kizee mwenye fimbo, aliniita pembeni. "Mayu, mama yangu, alisema nisiwe na haraka ya kuanua matanga. Alisema babu bado hana kitu cheupe." Tukatoka, wazee wawili, tukafuata njia ya magari mpaka langoni. Nje kidogo ya lango, pembeni mwa barabara, mvua ilikuwa imeosha udongo uliomwagika kutoka kwenye gari, na hapo palikuwa na jiwe, dogo kama yai la yule kuku wangu, jeupe. Dhahabu haikuwemo hata chembe. Nikainama, magoti yakilia, nikaliokota.

"Mzee, shikamoo," alisema mlinzi, kijana wa Kisukuma mwenye sare iliyompwaya. "Samahani. Mawe ya hapa hayaokotwi. Ni mali ya mgodi."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Ndiyo sheria, Mzee. Mimi ni mlinzi tu."

Mwaka ule mzima ukanirudia, mabati, gazeti chini ya jiwe, tabasamu lile. Nikamwuliza swali la Mama Holo, neno kwa neno, kwa Kisukuma. Hakutabasamu. Alitazama kule kwenye kaburi jipya, kwenye moshi wa vyungu vya matanga, akatazama chini. Kisha akanong'ona, "Chukueni tu, babu. Mimi nageuka kule. Sijaona."

"Hapana," nikamwambia. "Usigeuke. Nimetafuta jibu maisha yangu yote, sikutafuta mtu wa kufumba macho. Tazama. Tunaondoka nalo mchana kweupe, na wewe unatuona."

Nikampa Holo jiwe. Akalifunga kwenye pindo la kanga yake, taratibu, mbele ya macho ya kijana yule, tukaanza kuondoka. Nyuma yetu nikasikia redio yake ikifunguliwa. Sikugeuka, na Holo hakuongeza mwendo.

"Kituo, hapa langoni," alisema. "Kuna wazee wawili wa msibani. Wanaondoka na jiwe lao."

Redio ikakoroma, ikamwambia arudie. Akarudia.